Msimu ukipamba moto: mwongozo wa kupika matunda na mboga zilizojaa jikoni

Msimu wa zao lolote ukipamba moto, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nyanya nilizonunua zimeanza kulainika zote kwa mpigo, nizifanye nini? Maembe yamejaa mpaka watu nyumbani wamechoka kuyala, yanaweza kuingia kwenye chakula? Boga hili kubwa nalipikaje, maana kuchemsha tumeshalichemsha mara tatu wiki hii? Nimekuwa nikimjibu kila anayeuliza, na naona jibu langu halibadiliki. Ndiyo maana nimeamua kuliandika lote mahali pamoja.

Usianze na resipi. Anza na zao lililo mezani. Anayeanza na resipi hununua vitu kumi ili apike chakula kimoja, halafu vinavyobaki vinamwozea. Anayeanza na zao hulishika mkononi na kujiuliza mambo matatu: limeiva kiasi gani, lina maji kiasi gani, na ladha yake imeelemea wapi, kwenye utamu, uchachu, uchungu au imepooza tu. Ukishapata majibu hayo, njia ya kulipika inajitokeza yenyewe, na utashangaa jinsi zao moja linavyoweza kuliwa wiki nzima bila mtu kulalamika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kisu kikali na ubao mpana. Kisu butu huponda nyanya badala ya kuikata, na ndicho kinachokata vidole vya watu kwa sababu huteleza.
- Trei ya kuokea yenye ukingo mfupi. Kama huna oveni, kikaango kizito kitafanya sehemu kubwa ya kazi, ila utapika kwa mafungu madogo.
- Sufuria yenye kitako kizito, kwa ajili ya jamu na michuzi.
- Chupa mbili tatu za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kwa kuchachusha mboga, hii si ya hiari.
- Chumvi, mafuta, na kitu kichachu: siki, ndimu au limau.
- Viungo vichache unavyovipenda. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na bizari ya pilau vitakufikisha mbali. Huhitaji kabati zima.

Hatua ya 1: Panga mzigo siku uleule unapofika

Mwaga kila kitu mezani na ugawe mafungu matatu: vya kupikwa leo, vya kusubiri siku tatu nne, na vya kukaa. Tunda lenye jeraha linaingia fungu la leo hata kama ni bichi, kwa sababu jeraha ndilo mlango wa kuoza. Mahindi mabichi na njegere nazo ni za leo. Sukari iliyomo ndani yake huanza kugeuka wanga mara tu baada ya kuvunwa, na ukingoja siku tatu utakula kitu kigumu kisicho na utamu, kisha utalaumu mbegu.

Angalia pia vinavyokaa pamoja. Ndizi, maembe, matufaha na nyanya zinazoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha uivaji wa vyote vilivyo karibu. Ni msaada mkubwa ukitaka kuivisha parachichi: lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Lakini ukiweka ndizi hizo juu ya spinachi, majani yatageuka manjano kabla hujayagusa. Viazi na vitunguu navyo vitenganishe, vikikaa pamoja huharibiana.

Kosa la kawaida: kuosha kila kitu kisha kukiweka friji kikiwa na maji. Majani mabichi yenye unyevu hugeuka ute kwa siku mbili. Osha unapokaribia kupika. Kama lazima uoshe mapema, kausha kabisa, yakunje kwenye kitambaa safi kikavu, ndipo uyaweke ndani. Nyanya ambazo bado hazijaiva ziache nje. Baridi ya friji huua harufu yake na hairudi.

Hatua ya 2: Toa maji pale yanapozidi

Mboga nyingi za msimu ni maji kwa sehemu kubwa. Nyanya na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na tikiti maji vilevile. Ukivipika bila kufikiria maji hayo, chakula kinakuwa mchuzi usio na ladha.

Kwa tango, zukini na biringanya, kata, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, weka kwenye chujio na uache kwa nusu saa. Utaona matone yakijitokeza juu ya vipande kama jasho. Kamua kwa mikono, futa kwa kitambaa, na usiongeze chumvi tena mpaka uonje.

Biringanya nalisemea peke yake, maana ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Nyama yake ni kama sifongo, imejaa hewa. Likiingia kwenye mafuta likiwa bichi hunywa yote, unaongeza, linanywa tena, na mwisho unakula mafuta. Kulitia chumvi au kulioka kwanza hulifanya linywee na hewa itoke. Baada ya hapo kijiko kimoja cha mafuta kinatosha.

Hatua ya 3: Oka kwa moto mkali

Kama utajaribu hatua moja tu ya mwongozo huu, jaribu hii. Mboga inapochemshwa joto lake haliwezi kupita nyuzi 100, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha maji yanayochemka. Rangi ya kahawia na ladha nzito tunayoipenda huanza juu zaidi ya hapo, na haiji mpaka uso wa mboga ukauke. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: moto mkali na nafasi ya mvuke kutoka.

Nitaeleza kwa nyanya, kwa sababu ndizo zinazojaa kwa ghafla kuliko vyote.

1. Washa oveni kwenye nyuzi 200 na uache ipate moto kabisa, dakika 15 hivi.
2. Chukua kilo moja ya nyanya, hata zile zilizolainika, ilimradi hazina ukungu. Kata katikati, zipange kwenye trei upande uliokatwa ukitazama juu, kila moja na nafasi yake.
3. Chomeka punje tano sita za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake, na kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vinne.
4. Nyunyiza vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na kijiko kimoja cha chai cha chumvi.
5. Oka kwa dakika 45 hadi saa nzima.

Usizihukumu mapema. Dakika ya ishirini utaona trei imejaa maji na utadhani umekosea. Acha. Kufikia dakika ya arobaini maji yanapungua, sauti inabadilika kutoka kuchemka kwenda kutatarika, kingo za nyanya zinakunjamana na kuwa nyeusi kidogo kwenye ncha, na ile supu nyekundu iliyokuwa chini ya trei inakuwa nzito, inanata. Hapo ndipo utamu ulipo. Toa, minya kitunguu saumu kutoka kwenye ganda lake (kitatoka kama siagi), saga vyote pamoja na yale yaliyonata kwenye trei. Umepata mchuzi wa kupikia nyama, wa kuchanganya na wali au tambi, na ukiongeza maji kikombe kimoja umepata supu. Na kwa kuwa nyanya zimepikwa na mafuta, mwili hufyonza vizuri zaidi likopini, kile kinachozipa rangi nyekundu.

Njia hiyohiyo inafaa karoti, koliflawa, boga, bitiruti na pilipili hoho. Kata vipande vyenye ukubwa unaolingana, vifute vikauke, vipake mafuta kidogo. Karoti zilizokatwa unene wa kidole huchukua kama dakika 30 kwenye nyuzi 200. Koliflawa, dakika 25. Bitiruti oka nzima na ganda lake, ukiifunga kwa karatasi ya aluminiamu, saa moja au zaidi kulingana na ukubwa, kisha ganda litavulika kwa vidole.

Matunda nayo yanaokwa, na hapa ndipo watu hunikodolea macho. Nanasi, pichi, zabibu na hata ndizi huongezeka ladha motoni. Chukua zabibu mbichi kwenye kikonyo chake, zipake mafuta kidogo na chumvi, oka dakika 15 mpaka zianze kupasuka, kisha zimwage juu ya kuku wa kuokwa. Tunda lililopooza, lile lililochumwa mapema likakosa utamu, ndilo linalofaidika zaidi na njia hii.

Kosa la kawaida: kujaza trei. Niliwahi kupika biringanya na zukini kwa wageni wanane, nikalundika vyote kwenye trei moja ili niokoe muda. Vilitoka vya kijivu, vimelegea, vimeelea kwenye maji yake vyenyewe. Mboga zilizobanana hazioki, zinapikwa kwa mvuke wa wenzake. Tumia trei mbili, au oka mara mbili. Kama unaona chini ya trei kati ya kipande na kipande, umepanga vizuri.

Hatua ya 4: Lete tunda kwenye chakula cha chumvi

Kanuni ninayoitumia ni hii: palipo na ndimu, jaribu tunda chachu, palipo na sukari, jaribu tunda bivu.

Embe linafundisha vizuri kwa sababu lina umri tatu, na kila umri una kazi yake. Likiwa bichi kabisa, gumu na jeupe ndani, lina uchachu mkali. Likwaruze, ulitie kwenye mchuzi wa samaki au wa dengu dakika kumi kabla ya kuepua, na usiweke ndimu. Likiwa katikati, lenye manjano ya kupauka na bado linatoa mlio ukilikata, linafaa kwa saladi: vipande vyembamba, kitunguu chekundu, pilipili, chumvi, majani ya giligilani. Likiiva hadi likabonyea, lisage liwe rojo, ulipike kwa moto mdogo pamoja na tangawizi, pilipili na siki kijiko kimoja au viwili, upate mchuzi wa kupaka nyama ya kuchoma dakika tano za mwisho. Usiupake mapema, sukari yake huungua kabla nyama haijaiva.

Wengi huonja embe la katikati, wakaliona halina utamu, wakaliweka dirishani kusubiri. Halafu yote yanaiva siku moja. Anza kuyala yakiwa mabichi, na msimu utakuwa mrefu kwako.

Mawazo mengine ninayoyarudia:

- Tufaha au peasi likikatwa vijiti vyembamba na kukaangwa pamoja na kabichi kwa moto mkali. Utamu wa tunda hupunguza ule ukali wa kabichi.
- Tikiti maji vipande vikubwa, chumvi kidogo, ndimu, mnanaa, pilipili iliyosagwa. Chumvi hulifanya liwe tamu zaidi, si chini.
- Nanasi vipande vinene kwenye kikaango kikavu chenye moto sana, dakika mbili kila upande, bila kugusagusa, likapate alama za kahawia.
- Chungwa: kamua nusu, nusu nyingine kata vipande, vyote viingie kwenye karoti zilizookwa zikiwa bado za moto.

Sasa tahadhari. Nanasi ambalo halijapikwa, papai bichi na kiwi vina vimeng'enya (enzaimu) vinavyovunja protini. Ndiyo maana papai bichi hulainisha nyama ngumu. Kwa vipande vidogo vya nyama, nusu saa inatosha. Ukilaza nyama usiku kucha, asubuhi utakuta nje yake imekuwa uji na ndani bado ngumu. Kwa sababu hiyohiyo, jelatini haigandi ukitia nanasi ambalo halijapikwa, na kinywaji cha nanasi na maziwa huwa kichungu kikikaa. Kinywe papo hapo, au chemsha nanasi kwanza, maana joto huviua vimeng'enya hivyo.

Parachichi, kwa upande wake, lisipikwe kwa muda mrefu. Linakuwa chungu. Liweke juu ya chakula cha moto wakati wa kupakua.

Hatua ya 5: Majani, moto mkali na muda mfupi

Tenganisha mashina na majani. Mashina yakatwe madogo na yaingie kwanza, dakika tatu au nne, majani yafuate kwa dakika moja au mbili. Kikaango kiwe na moto kabla majani hayajaingia, na kiwe kikubwa kuliko unavyodhani, kwani fungu linaloonekana mlima litanywea liwe konzi moja.

Ndimu na siki zitiwe mwisho, moto ukiwa umezimwa. Uchachu hugeuza kijani kibichi kuwa rangi ya majani makavu ndani ya dakika chache. Kuna wanaotia magadi ili rangi ikae. Inakaa kweli, lakini majani huwa kama ute na vitamini hupungua. Mimi simshauri mtu.

Majani magumu unaweza kuyala hata bila moto. Yakate membamba sana, tia chumvi kidogo na matone ya limau, uyafikiche kwa mikono dakika mbili mpaka yalegee na rangi ikolee. Changanya na tunda tamu lolote la msimu.

Hatua ya 6: Tazama tena unachotaka kutupa

Shina la brokoli likimenywa ganda la nje ni tamu kuliko kichwa chake. Majani ya bitiruti hupikwa kama spinachi. Mbegu za boga zioshwe, zikaushwe, zipakwe mafuta na chumvi, ziokwe kwenye nyuzi 160 hadi zianze kupasuka na kunukia. Sehemu nyeupe ya ganda la tikiti maji, ukishaondoa ngozi ya kijani, inakatwa vipande na kutiwa siki kama achari.

Lakini kuna vya kutupa kweli. Kiazi kilichogeuka kijani na kuwa kichungu kina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Punje iliyo ndani ya kokwa la pichi au aprikoti isisagwe wala isitafunwe, mwili huigeuza kuwa sianidi. Tunda laini lenye ukungu tupa lote, usikate sehemu iliyoharibika ukala iliyobaki, maana ukungu huwa umeshapenya ndani usikouona.

Hatua ya 7: Ziada iende kwenye chupa au friza

*Achari ya haraka.* Chemsha kikombe kimoja cha siki yenye uchachu wa asilimia 5, kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vya chai vya chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha sukari. Mimina ikiwa ya moto juu ya karoti, vitunguu, matango au embe bichi vilivyokatwa vyembamba. Ikipoa weka friji. Saa chache baadaye inalika. Hii si ya kuweka kabatini. Ikae kwenye baridi na uimalize ndani ya wiki mbili.

*Kabichi ya kuchachua.* Pima kabichi iliyokatwa nyembamba, kisha pima chumvi sawa na asilimia 2 ya uzito wake, yaani gramu 20 kwa kilo moja. Ifikiche kwa nguvu dakika tano hadi kumi, mpaka maji yatoke na kujaa kiganjani ukiikamua. Ishindilie kwenye chupa, maji yake yaifunike kabisa, juu yake weka kitu safi cha kuigandamiza. Legeza kifuniko mara moja kila siku ili gesi itoke. Kwenye jiko lenye joto onja kuanzia siku ya tano. Kwenye baridi inaweza kuchukua wiki tatu. Ikifikia uchachu unaoupenda, ipeleke friji. Usikadirie chumvi kwa macho. Ikipungua sana kabichi huoza, ikizidi sana haichachi.

*Kugandisha.* Mboga zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, majani dakika mbili, maharage mabichi na brokoli dakika tatu, halafu zitumbukize kwenye maji ya barafu. Bila hivyo vimeng'enya vinaendelea na kazi hata ndani ya friza, na ladha inaharibika. Kausha, tandaza kwenye trei zigande moja moja, kisha zifunge mfukoni. Matunda hayahitaji kuchovya. Kata, tandaza, gandisha, funga.

*Jamu.* Kilo moja ya tunda, gramu 700 hadi 800 za sukari, maji ya limau moja. Chemsha kwa moto mkali ukikoroga. Weka sahani ndogo kwenye friza tangu mwanzo. Ukidhani imeiva, dondosha tone kwenye sahani hiyo, subiri nusu dakika, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, epua.

Onyo moja ambalo sitaki ulipite: kitunguu saumu kibichi kilichotiwa kwenye mafuta kisikae nje. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa botulismi, wanaotoa sumu kali, hustawi bila harufu wala rangi ya kukushtua. Tengeneza kidogo, weka friji, kimalize ndani ya siku nne.

Mfano mzima: boga moja, siku nne

Boga la kilo tatu. Siku ya kwanza likate katikati, toa mbegu na uziweke kando, pakaa mafuta, lilaze kifudifudi kwenye trei, nyuzi 200, dakika 45 hadi saa moja, mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Robo yake liwe ni vipande vya kula na mtindi uliochanganywa na kitunguu saumu na ndimu, mbegu zilizookwa zinyunyizwe juu. Siku ya pili, robo nyingine isagwe na tangawizi, kitunguu kilichokaangwa taratibu na tufaha moja. Hiyo ni supu. Siku ya tatu lipondwe na kuchanganywa na mayai, unga na mdalasini kidogo kwa pankeki, na hapa punguza maziwa kwa sababu boga lina maji yake. Siku ya nne, linalobaki lipime kikombe kimoja kimoja, liingie friza. Umewasha oveni mara moja tu, na hakuna siku iliyofanana na nyingine.

Mambo yakienda vibaya

*Mboga za kuokwa zimetoka laini, hazina rangi.* Trei ilijaa, au mboga zilikuwa na maji, au oveni haikuwa imepata moto. Zigawe kwenye trei mbili, pandisha hadi nyuzi 220, rudisha dakika kumi. Hazitakuwa kamili, lakini zitalika.

*Mchuzi wa nyanya ni mchachu mno.* Usikimbilie sukari. Onja kwanza kama chumvi inatosha. Chumvi kidogo hupunguza uchachu kwa ulimi. Kisha tia karoti iliyokwaruzwa na uache ichemke dakika 15.

*Chakula chenye tunda kimekuwa kitamu kama kitindamlo.* Siki kijiko kimoja, pilipili, chumvi. Kwa mpangilio huo, ukionja kila mara.

*Jamu haigandi.* Tunda lilikuwa na pektini kidogo (kile kinachoifanya jamu igande), kama stroberi, au liliiva mno. Rudisha motoni na tufaha moja lililokwaruzwa pamoja na limau zaidi. Safari nyingine changanya matunda mabivu na machache ambayo hayajaiva sawasawa, yana pektini nyingi.

*Kabichi ya kuchachua ina utando mweupe juu.* Ukiwa bapa, mwembamba, usio na manyoya, ni hamira ya porini. Uondoe kwa kijiko, sukuma kabichi irudi chini ya maji. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, tupa chupa yote.

*Matango ya siki yamelegea.* Yalikuwa ya zamani, au hukukata ncha ya upande wa ua, ambako kuna vimeng'enya vya kulainisha. Kata nusu sentimita upande huo kabla ya kuyatia.

*Tango lina uchungu.* Uchungu mdogo hukaa kwenye ngozi na upande wa kikonyo. Menya, kata ncha, onja tena katikati.

*Boga au zukini lina uchungu mkali.* Hili ni jambo jingine kabisa. Uchungu wa namna hiyo ni dalili ya kukabitasini, sumu ambayo moto hauiondoi, na huleta kutapika na kuhara vibaya. Hutokea zaidi kwenye mimea iliyoota kwa mbegu za kujihifadhia zilizochanganyika na maboga ya porini. Kabla ya kupika, kata kipande kidogo, kiguse kwa ulimi. Kikiwa chungu, tema na utupe boga zima, hata kama ni la kilo tano.